Blogu za Wachina na kampuni zilizoshika funguo

Nchini China huwezi kuamka asubuhi ukaanzisha gazeti lako. Kila gazeti na kila jarida lazima liwe chini ya chombo rasmi kinachobeba dhamana yake, na kitabu hakipati namba ya uchapishaji ila kupitia mashirika ya uchapishaji ya dola. Kwa miaka hamsini ya Jamhuri ya Watu, mwananchi mwenye la kusema alikuwa na njia moja: ampelekee mhariri, angoje. Halafu Novemba 2007 kituo cha takwimu za intaneti cha nchi hiyo, CNNIC, kikahesabu na kukuta watu milioni 47 wana blogu. Blogu zenyewe zilikuwa milioni 72.8, maana wengine walikuwa nazo mbili tatu. Nchi isiyomruhusu mtu binafsi kumiliki gazeti ilikuwa na watu wanaojichapisha wenyewe wengi kuliko Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya 2009.

Ilikuwaje? Yapo majibu mawili yanayosikika kila mara. La kwanza linasema teknolojia iliishinda serikali. La pili linasema serikali iliwaachia watu uwanja wa kutolea hasira, huku ikiwachungulia. Yote mawili yanamsahau mhusika wa tatu, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyeamua mambo mengi kuliko wenzake: kampuni inayomiliki seva, yaani kompyuta zinazohifadhi kurasa. Mwanablogu wa Kichina mara chache alikutana na dola uso kwa uso. Alikuwa mpangaji, na aliyemgongea mlango usiku alikuwa mwenye nyumba.

Mwanzoni wenye nyumba wakubwa hawakuwapo. Agosti 2002 Fang Xingdong, mwandishi wa masuala ya teknolojia jijini Beijing, alianzisha tovuti ya Blogchina baada ya makala zake za kuikosoa Microsoft kuondolewa kwenye tovuti kubwa za habari. Mwaka huohuo Isaac Mao wa Shanghai akawa miongoni mwa waanzilishi wa CNBlog, kikundi kidogo cha watu wa kompyuta walioamini kwamba kila mtu anaweza kuwa na sauti yake mtandaoni. Kabla yao Wachina walizoea majukwaa ya mijadala, kama lile la Shuimu la Chuo Kikuu cha Tsinghua lililoanza 1995, au Tianya lililoanzia kisiwani Hainan mwaka 1999. Majukwaa hayo yalikuwa na uhai mkubwa, lakini mtu aliandika humo kwa jina la kubuni, mada yake ikazama chini ya mada nyingine, na baada ya wiki hakuna aliyejua nani alisema nini. Blogu ilileta ukurasa wa mtu mmoja, maandishi yake yamepangwa kwa tarehe, jina lake liko juu. Mtoto wa shule China huandika shajara ya wiki na kumpelekea mwalimu asahihishe. Kwa waliokulia katika utaratibu huo, shajara ambayo wao ndio wanaochagua nani aisome ilikuwa jambo geni kabisa.

Kilichowafanya Wachina wa kawaida wajue kuna kitu kinaitwa blogu hakikuwa siasa wala teknolojia. Kilikuwa msichana wa Guangzhou aliyejiita Muzi Mei. Alikuwa mwandishi wa safu jaridani, na mwaka 2003 alianza kuandika kwenye blogu yake, bila kuficha majina, habari za wanaume aliolala nao. Alipomtaja mpiga gitaa wa bendi moja ya roki, nchi nzima ilikimbilia ukurasa ule. Magazeti ya serikali yalimlaani, kitabu chake kilipigwa marufuku, kazi yake ikaisha. Wasomaji wengi waliokwenda kumshangaa walifungua blogu zao papo hapo. Kuna wanaoona aibu kwamba utamaduni huu ulipata umaarufu kwa njia hiyo. Mimi sioni aibu yoyote. Mwanamke aliandika maisha yake kwa hiari yake, bila mhariri, na umma ukagundua kwamba jambo hilo linawezekana.

Mwaka wa kuukazia macho ni 2005, kwa sababu mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja na kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. Serikali iliagiza kwamba kila tovuti iliyowekwa ndani ya China, hata ya mtu binafsi isiyotafuta hata senti, isajiliwe na wizara husika, na mwisho wa kujisajili ukawa Juni mwaka huo. Aliyekuwa na tovuti yake ndogo akajikuta anajaza fomu zenye jina lake kamili, anwani na namba ya kitambulisho, au anafungiwa na kampuni inayomhifadhia tovuti. Miezi michache baadaye Sina, mojawapo ya tovuti kubwa kabisa za habari nchini, ikafungua huduma ya blogu: bure, bila fomu za wizara, dakika tano umeshaanza kuandika. Tencent nayo mwaka huohuo ikawaletea vijana Qzone, iliyounganishwa na QQ, huduma ya kuchati ambayo karibu kila kijana alikuwa nayo. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akaupanga mpango mzima. Lakini matokeo yake yalikuwa ya wazi: kujenga kwako kukawa kugumu, kupanga kwa watu kukawa rahisi, na mamilioni wakapanga.

Sina walikuwa na hesabu yao. Badala ya kungoja watu wasiojulikana wapate wasomaji, wahariri wao waliwapigia simu waigizaji, waandishi, wachumi na wanamichezo mmoja mmoja, wakawaomba wafungue blogu. Mwigizaji na mwongozaji filamu Xu Jinglei alianza Oktoba 2005. Alikuwa akiandika kuhusu paka wake, kazi za siku, uchovu wa kupiga picha za filamu. Julai 2007 blogu yake ilikuwa imetembelewa mara milioni 100. Kila blogu ya Sina ilikuwa na kihesabio cha wageni kilichoonekana na kila mtu, na kihesabio kile kilibadili tabia za watu. Kuwa wa kwanza kutoa maoni chini ya chapisho la mtu maarufu kukawa mchezo: wa kwanza husema amekaa kwenye sofa, wa pili hujiridhisha na benchi. Kwenye Qzone vijana walilipa yuan 10 kwa mwezi ili waupambe ukurasa wao kwa mandhari, muziki na mapazia. Blogchina, waliofungua njia, walibadili jina wakawa Bokee, wakatafuta wawekezaji, kisha wakamezwa na ushindani wa wakubwa hawa.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu wasomaji wa nje huwaza blogu za China kana kwamba zote zilikuwa za wapinzani. Wengi katika wale milioni 47 waliandika kuhusu mtihani, mama mkwe, bei ya nyumba, mapenzi yaliyovunjika. Wanablogu wawili wa Kichina walichoshwa na mtazamo ule wa nje hata wakaamua kuutega mtego. Machi 2006 walifunga blogu zao na kuacha tangazo kwamba zimefungwa kwa muda kwa sababu zisizoepukika ambazo kila mtu anazijua. Mashirika makubwa ya habari ya Magharibi yakaripoti kuwa serikali ya China imezifungia. Siku iliyofuata wakazifungua tena na kueleza kwamba walifunga wenyewe, kuwaonyesha wanahabari jinsi wanavyokimbilia hitimisho.

Hata hivyo, miezi miwili tu kabla ya hapo, blogu ya mwanahabari Zhao Jing, anayejulikana zaidi kwa jina la Michael Anti, ilikuwa imefutwa kweli. Aliyeifuta hakuwa afisa wa Kichina. Ilikuwa Microsoft, kwa ombi kutoka China, na blogu ilikaa kwenye seva zilizokuwa Marekani.

Tusogee karibu kidogo na jiji la Chongqing, Machi 2007, maana pale ndipo blogu ilipofanya kazi ambayo gazeti lilizuiwa kuifanya. Kampuni ya ujenzi ilikuwa imebomoa mtaa mzima ili kujenga maduka. Familia moja, Wu Ping na mumewe Yang Wu, ilikataa fidia. Wachimbaji wakachimba pande zote hadi nyumba yao ya matofali ya ghorofa mbili ikabaki peke yake juu ya kichuguu cha udongo, shimo la kama mita kumi likiizunguka. Yang Wu alipanda humo akakaa, akapeperusha bendera ya taifa. Mkewe alikuwa chini akizungumza na waandishi wa habari. Picha ilienea nchi nzima, kisha amri ikashuka kwa vyombo vya habari kwamba yatosha. Ndipo kijana muuza mboga kutoka mji mdogo wa jimbo la Hunan, Zhou Shuguang, anayejulikana kama Zola, alipopanda treni hadi Chongqing na kuanza kuripoti kwenye blogu yake: picha, mahojiano na wenye nyumba, mahojiano na majirani waliokuwa na kesi zao za ardhi. Wasomaji walimchangia fedha za kula na kulala. Hakuwahi kusomea uandishi wa habari. Aprili 2 familia ilikubali kulipwa na nyumba ikabomolewa usiku huohuo, lakini kwa siku kadhaa mtu mmoja mwenye kamera ndogo alikuwa ameziba pengo lililoachwa na magazeti ya nchi nzima.

Zola aliweza kwa sababu tovuti ilikuwa yake. Mpangaji wa Sina asingefika mbali vile, na sababu imo katika agizo namba 292 la Baraza la Serikali, la Septemba 2000. Agizo hilo linaorodhesha aina tisa za maudhui yaliyokatazwa, kuanzia yanayopinga katiba hadi yanayoeneza uvumi na kuvuruga utulivu wa jamii. Kampuni ikiyaona ni lazima iyaondoe, ihifadhi kumbukumbu, itoe taarifa. Kumbukumbu za watumiaji zitunzwe siku 60. Maneno ya orodha ile ni mapana, na upana huo ndio nguvu yake. Kampuni isiyojua mstari umechorwa wapi huuchora mapema zaidi, isije ikapoteza leseni. Ikaajiri wakaguzi kwa mamia, ikaweka programu za kunasa maneno, ikafuta kwanza na kuuliza baadaye. Wanablogu nao wakajifunza: unaposti usiku wa manane wakaguzi wakiwa wachache, unageuza maandishi kuwa picha, unawaomba rafiki kumi wanakili kabla hayajafutwa, unaandika Mei 35 ukimaanisha Juni 4, siku ya mauaji ya Tiananmen ya 1989.

Lakini ni nini hasa kilifutwa? Watafiti watatu wa Harvard, Gary King, Jennifer Pan na Margaret Roberts, walifuatilia zaidi ya tovuti elfu moja za Kichina na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Waliona kwamba kuitukana serikali, hata kwa maneno makali, mara nyingi kulipita. Kilichofutwa haraka ni maandishi yanayoweza kuwakusanya watu wafanye jambo kwa pamoja, hata kama yanaisifu serikali. Ukiishika tofauti hiyo, mengi yanaeleweka. Msanii Ai Weiwei alifunguliwa blogu na Sina wenyewe mwaka 2005, akaandika ukosoaji wake kwa miaka karibu minne. Baada ya tetemeko la Sichuan la Mei 12, 2008, madarasa mengi yaliporomoka na kuwaua wanafunzi wakati majengo ya jirani yamesimama. Ai aliwaita watu wajitolee kwenda kijiji kwa kijiji kukusanya majina ya watoto waliokufa. Yalifika zaidi ya 5,000, na aliyaweka kwenye blogu pamoja na shajara za wale waliojitolea. Mei 2009 blogu ikaondolewa. Maneno makali ya miaka minne hayakumfikisha hapo. Watu waliokwenda kugonga milango ya wazazi ndio waliomfikisha.

Na kuna Han Han. Alizaliwa Shanghai mwaka 1982, akaacha shule, akaandika riwaya iliyouzwa kwa mamilioni, akawa dereva wa mbio za magari, na kwa miaka kadhaa alikuwa mwanablogu aliyesomwa kuliko wote nchini, kurasa zake zikifunguliwa mara mamia ya milioni. Aliandika kuhusu viongozi wa mtaani, ada za barabara na uzalendo wa kelele, kwa Kichina chepesi kinachoeleweka na fundi na profesa. Oktoba 8, 2010, siku Liu Xiaobo, mwandishi mpinzani aliyekuwa gerezani, alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani, Han Han aliposti alama mbili za nukuu. Ya kufungua na ya kufunga, katikati hakuna kitu. Zaidi ya watu milioni moja waliufungua ukurasa ule, na maelfu wakaacha maoni. Kila msomaji alijua ni jina gani limekosekana. Mwishoni mwa 2011 aliandika makala tatu, kuhusu mapinduzi, demokrasia na uhuru, akisema China haiko tayari kwa mapinduzi. Vijana wengi walihisi wamesalitiwa. Nadhani alisema alichoamini, na kwamba walikuwa wamembebesha kijana mmoja mzigo ambao nchi yenye vyama halali vya upinzani na magazeti huru ingewagawia watu wengi.

Kufikia hapo umati ulikuwa umeshahamia Weibo, huduma ya posti fupi. Huduma ya kwanza ya aina hiyo, Fanfou ya Wang Xing, ilifungwa Julai 2009 baada ya ghasia za Urumqi, mji wa magharibi mwa nchi, na Twitter na Facebook zikazuiwa. Agosti mwaka huohuo Sina ikafungua Weibo, ikiwa na wakaguzi tangu siku ya kwanza, na mbinu ileile ya kuwaita watu maarufu. Posti iliishia herufi 140, lakini kwa Kichina si chache, maana kila herufi hubeba neno au nusu ya neno. Inatosha habari kamili. Watumiaji wa huduma za aina hii walipanda kutoka milioni 63 mwisho wa 2010 hadi karibu milioni 250 mwaka mmoja baadaye. Treni mbili za mwendokasi zilipogongana karibu na Wenzhou Julai 23, 2011, na watu 40 kufa, abiria waliposti kutoka ndani ya mabehewa. Watu waliona mabehewa yakifukiwa kwa udongo kesho yake. Msemaji wa wizara ya reli alieleza kwamba yalifukiwa ili kurahisisha uokoaji, akaongeza: mkiamini msiamini, mimi naamini. Kauli ile ikageuka wimbo wa mtandaoni.

Jibu la dola lilikuja Septemba 2013. Mahakama ya juu na ofisi kuu ya mashtaka zilieleza kwamba uzushi uliosomwa mara 5,000 au kusambazwa mara 500 unaweza kumfunga mwandishi hadi miaka mitatu. Wenye wafuasi wengi wakapunguza sauti, baadhi walikuwa wameshakamatwa.

Maandishi marefu yalirudi kupitia mlango mwingine. WeChat, huduma ya ujumbe ya Tencent, ilianza Januari 2011, na Agosti 2012 ikaruhusu akaunti za umma: mwandishi anatuma makala, inawafikia waliojiandikisha, nao wanaisambaza kwenye makundi ya familia na marafiki. Wasomaji wakaweza kumtunza mwandishi fedha palepale, matangazo yakafuata, na kuandika kukawa ajira. Hii ndiyo blogu ya China ya leo, ingawa wachache wanaiita hivyo. Nguvu yake ilionekana Machi 10, 2020, jarida la Renwu lilipochapisha mahojiano na Ai Fen, daktari wa Wuhan aliyewatumia wenzake majibu ya maabara ya virusi vipya na kukaripiwa na wakubwa wake. Makala ilifutwa ndani ya saa chache. Wasomaji wakairudisha ikiwa imeandikwa kinyumenyume, mwisho ukiwa mwanzo. Ikafutwa. Wakairudisha kwa emoji, kwa nukta na mistari ya Morse, kwa herufi za kale zilizochongwa kwenye mifupa miaka elfu tatu iliyopita. Siku zilezile mwandishi Fang Fang, mzee wa miaka 64 aliyefungiwa nyumbani Wuhan kama wengine wote, aliandika shajara kila usiku, jumla machapisho 60. Yalipofutwa kwake, mwandishi mwenzake aliyatoa kupitia akaunti yake, na watu walikesha kuyasubiri. Baadaye, iliposikika kwamba yatatafsiriwa, watu wengine wa mtandao huohuo walimshambulia kama msaliti. Umma wa wasomaji uliojengwa na blogu haukuwahi kuwa na moyo mmoja.

Hasara kubwa, na ndiyo inayoniuma zaidi, haikuletwa na wakaguzi peke yao. Mwenye nyumba akiona nyumba haimlipi, huibomoa. Baidu, kampuni ya injini ya kutafutia mtandaoni, ilifunga huduma yake ya blogu mwaka 2015. NetEase, kampuni nyingine ya mtandao, ilifunga yake mwaka 2018. Tianya ilizimika 2023 kwa kukosa fedha za seva. Makala za WeChat hazipatikani kwa urahisi nje ya WeChat. Mei 2024 mwandishi He Jiayan alieleza kwamba alitafuta kwenye Baidu habari za Jack Ma za miaka ya 1998 hadi 2005, miaka ambayo mtu huyo aliijenga Alibaba, na karibu hakupata kitu. Makala yake nayo ikafutwa. Shajara za watu milioni 47, za mitihani na mama mkwe na bei za nyumba, sehemu kubwa hazipo tena popote ambapo mtu wa kawaida anaweza kuzisoma.

Wapo waliorudi kujenga kwao. Kuna wanablogu wa Kichina wenye tovuti zao wenyewe waliojiunga na mpango unaoitwa Ahadi ya Miaka Kumi: unaandikisha blogu yako na kuahidi kuiweka hewani kwa muongo mzima. Wengine hulipia seva Hong Kong ili wakwepe usajili wa 2005. Wanaobaki bara hujisajili, na namba ya usajili hukaa chini ya kila ukurasa wao kama sheria inavyotaka. Wasomaji wao ni mamia, pengine maelfu, na gharama za seva wanatoa mfukoni.